Shajara ya Mradi: Kuizunguka Tanzania ya Magharibi kwa Gari Wakati wa Kiangazi

7 Februari: Njia na kanuni ya kwanza

Shajara hii inaanzishwa leo ili kuweka kumbukumbu ya maandalizi ya safari ambayo sisi marafiki watano tumekuwa tukiizungumza tangu tulipokuwa chuoni: kutoka Dar es Salaam kwa gari moja hadi Iringa na Mbeya, kukunja kaskazini kupitia Sumbawanga na Mpanda hadi Kigoma, kisha kurudi nyumbani kwa njia ya Tabora, Dodoma na Morogoro. Mzunguko huo una takriban kilomita 3,000 kabla hatujahesabu michepuko ya kwenda kutazama vitu, na michepuko ndiyo tunayoifuata.

Kikao cha leo kimepitisha mambo mawili tu. La kwanza ni mwelekeo: tutaanza na kusini. Kupanda mlima Kitonga kunataka gari ambalo limetoka kwa fundi hivi karibuni na dereva ambaye hajachoka, na sehemu ya mwisho kutoka Dodoma, ambako barabara ni ya lami na inajulikana kwa kila mmoja wetu, inafaa zaidi kwa watu ambao watakuwa wamechoka.

La pili ni kwamba hatutaendesha gari usiku, si kwa saa moja wala kwa nusu saa, hata kama mji tunaoulenga unaonekana taa zake. Yeyote aliyewahi kusafiri katika barabara kuu ya kwenda Mbeya anajua sababu. Lori likiharibika mahali ambapo halina pa kuegea, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani mita kadhaa nyuma yake, ili anayekuja ajue kuna kizuizi mbele. Mchana matawi hayo yanaonekana kutoka mbali na yanamtosha dereva mwenye akili timamu. Usiku, mbele ya taa za gari linalokuja upande wa pili, hayaonekani mpaka uwe umeshayakanyaga, na lori lenyewe mara nyingi halina hata taa moja ya nyuma inayowaka. Ongeza ng'ombe, baiskeli na watembea kwa miguu, na kwangu mimi mjadala umekwisha. Naiandika kanuni hii mapema kwa sababu najua italeta mvutano tutakapopanga ratiba, na nataka ratiba ndiyo itii kanuni.

21 Februari: Kuchagua mwezi

Kiangazi chetu ni kirefu, na si kila mwezi wake una manufaa yale yale. Juni na Julai hakuna mvua na vumbi bado halijawa jingi, lakini Mafinga, Makambako na Uyole kuna baridi kali ambayo mtu wa Dar es Salaam huipuuza mpaka aikute asubuhi. Mmoja wetu alipendekeza Julai kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile ambayo watu wa kule huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake ya porini. Tatizo ni kwamba maua hayo hufuata mvua, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili ndipo uwanda unapopendeza. Kwenda Kitulo katikati ya kiangazi ni kwenda kutazama nyasi. Tumeiondoa, ingawa kwa uchungu, na tumeahidiana safari yake ya peke yake.

Katavi ni kinyume kabisa. Hifadhi hiyo iliyo kati ya Sumbawanga na Mpanda huwa bora zaidi kadiri ukame unavyozidi, kwa sababu Mto Katuma hupungua hadi kubaki madimbwi ya matope, na viboko kwa mamia hujibana humo wakigombea maji yaliyosalia, huku mamba wakijihifadhi katika mapango ya kingo za mto. Hali hiyo hushamiri kuanzia Agosti hadi Oktoba. Rafiki yetu mhadhiri naye hupata likizo ndefu ya chuo katika miezi hiyo hiyo, hivyo Agosti ikashinda bila kupigiwa kura.

Limebaki suala la Nanenane. Maonesho ya wakulima huwa na uwanja wake mkubwa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, na wiki inayozunguka tarehe 8 Agosti nyumba za wageni za mji huo hujaa watu kutoka mikoa yote ya nyanda za juu. Tumeamua kuondoka Ijumaa ya kwanza baada ya maonesho kumalizika.

14 Machi: Kuhesabu mchana badala ya kilomita

Kazi ya leo imenifurahisha kuliko zote za mwanzo. Rasimu ya kwanza ya ratiba ilikuwa imepangwa kwa kilomita, na ilionekana nzuri kwenye karatasi. Tulipoipima kwa mwanga wa jua ikaanza kuvunjika.

Dar es Salaam mwezi Agosti jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Lakini nchi nzima inatumia saa moja ilhali Kigoma iko mbali sana magharibi, takriban nyuzi kumi za longitudo kutoka pwani, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Maana yake, Kigoma hupambazuka kama dakika arobaini baada ya Dar es Salaam, na jioni nayo huchelewa kwa kiasi hicho hicho. Dereva aliyezoea kuondoka saa kumi na mbili na nusu akifanya hivyo Kigoma atakuwa barabarani gizani, akiivunja kanuni yetu huku akidhani ameitii. Kwa hiyo ratiba mpya haina tena saa ya kuondoka iliyo moja kwa safari nzima: kila mji una saa yake, na jinsi tunavyoelekea magharibi ndivyo tunavyolala kidogo zaidi asubuhi na kupata jioni ndefu.

Tumekubaliana wastani wa kilomita 60 kwa saa kwenye lami, ukiwemo muda wa kusimama, na 40 kwenye vumbi. Wastani huo unaonekana mdogo kwa mtu anayetazama spidi ya gari peke yake, lakini vijiji ni vingi, na katika kila kijiji kuna kibao cha 50 kinachopaswa kuheshimiwa hata pale ambapo askari hayupo. Hakuna siku itakayozidi saa nane za barabarani, na saa mbili za mwisho kabla ya magharibi haziguswi na mpango. Zimewekwa kwa ajili ya pancha, foleni ya malori, au mtu kuumwa tumbo.

Matokeo makubwa ya hesabu hii yako mwanzoni kabisa. Tulikuwa tumezoea wazo la kutoka Dar es Salaam alfajiri ya giza ili kuiwahi Iringa. Badala yake tutaondoka Ijumaa saa sita mchana na kulala Morogoro, kilomita 190 tu. Asubuhi yake tutaingia Mikumi mapema, wakati tembo, twiga na pundamilia bado wako karibu na barabara. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mwendo wa taratibu unaotakiwa pale kwa ajili ya wanyama hautatuudhi kwa kuwa hatutakuwa na haraka. Ruaha Mbuyuni tutafika kabla jua halijawa kali, na Kitonga tutaipanda mchana kweupe.

11 Aprili: Fedha

Mhazini wetu ni mhasibu kwa kazi yake na amekataa kupokea makadirio ya aina ya "kama laki hivi". Amegawa bajeti katika mafungu ya mafuta, malazi, chakula, viingilio vya hifadhi na makumbusho, matengenezo ya gari, na dharura, na fungu la dharura haliwezi kuguswa bila watu watatu kati ya watano kukubali.

Mafuta ndiyo yaliyochukua kikao kizima. Gari tulilolichagua, Prado ya dizeli ya mmoja wetu, hutumia lita moja kwa takriban kilomita nane likiwa limejaa. Kilomita 3,000 zinataka lita 375, na tukiongeza robo kwa ajili ya kuzunguka ndani ya Katavi, michepuko na barabara mbaya, tunafika karibu lita 470. Bei haiwezi kufungwa leo. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hutangaza kwa kila mji, kwa sababu mafuta yanayoingia kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara yanabeba gharama ya usafiri hadi yanakouzwa. Lita ya Mpanda au Kigoma haiwezi kuwa na bei ya lita ya Morogoro. Mhazini ameandaa jedwali lenye mji, lita tunazotarajia kununua pale, na nafasi ya kuingiza bei. Kila mwezi anaingiza bei mpya nasi tunaona jumla inavyopanda au kushuka, na mchango wetu wa kila mwezi unarekebishwa humo humo.

Jambo jingine lilikuwa gumu kusemwa na nashukuru limesemwa. Je, mtu akijitoa? Kati ya marafiki swali hilo huonekana kama dalili ya kutoaminiana, na ndiyo maana safari nyingi huishia na watu wawili wasiosemeshana. Tumeandika kwamba atakayejitoa kabla ya mwisho wa Juni atarudishiwa fedha zake zote. Atakayejitoa baadaye atarudishiwa zile ambazo hazijatumika, na sehemu yake ya matengenezo ya gari itabaki. Msiba au ugonjwa havihesabiwi kuwa ni kujitoa. Kila mmoja ametia saini, na hewa ya kikao ikawa nyepesi baada ya hapo.

16 Mei: Kwa baba wa mhadhiri

Leo tulikwenda Kimara kumsalimia baba wa rafiki yetu mhadhiri, ambaye aliendesha malori ya kwenda Tunduma kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tulimwamkia, tukakaribishwa chai, na kabla hatujafungua daftari aliuliza ni nani kati yetu ataendesha Kitonga. Tulipomwonyesha, alimtazama na kumwambia, "Mwanangu, mlima ule lori ndilo linaloupangia mwendo. Wewe kaa nyuma yake."

Alitueleza kwa utaratibu kwamba hatari ya kupanda si mwinuko wenyewe. Lori lililobeba mzigo hupanda kwa gia ya kwanza, taratibu kama mtu anayetembea, na gari dogo lililo nyuma yake huanza kuchemka kwa hasira ya dereva kabla injini haijachemka. Ndipo mtu anapochomoka kwenye kona ili apite, na anayeshuka upande wa pili ni lori jingine ambalo breki zake zimepata moto na haliwezi kusimama. Ushauri wake ulikuwa tuache nafasi ya magari matatu, tuzime kiyoyozi ili kuipunguzia injini kazi, tukae kwenye gia ndogo, na tukiona sindano ya joto inasogea tuegeshe mahali palipotengwa na tusifungue mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe kabisa. Pia alituambia tuwaulize madereva wa mabasi hali ya barabara ya Mpanda kwenda Uvinza siku moja kabla ya kuipita. Hadi tutakapopata habari hizo tunaihesabu kama barabara ya vumbi na tumeipa siku nzima.

Mama wa nyumba alitufungia maandazi tulipoaga, akatutaka tumpigie simu kila tunapofika mji. Ombi lake limeingizwa kwenye mpango rasmi: kila jioni mtu mmoja atatuma ujumbe kwake tukishaegesha, na ratiba yetu kamili, pamoja na namba ya gari, itabaki nyumbani hapo. Ndani ya Katavi mtandao wa simu hautegemewi, kwa hiyo siku hiyo ujumbe utatumwa kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

6 Juni: Nyaraka

Bima ya gari inabadilishwa kutoka ndogo hadi kubwa, na kampuni imearifiwa kwa maandishi kwamba madereva watakuwa watatu. Leseni zote tatu zina muda wa kutosha. Faini za barabarani zimeangaliwa katika mfumo wa polisi na hakuna deni. Mtungi wa kuzimia moto umejazwa upya, na pembetatu za tahadhari ziko mbili.

27 Juni: Safari ya majaribio

Tulipakia gari kama tutakavyolipakia Agosti, watu watano na mizigo yote, tukaenda Bagamoyo, tukakata kwenda Msata, tukarudi kwa Chalinze na Kibaha. Mzunguko huo hauzidi kilomita 300 na una kila kitu: lami laini, matuta, foleni, na kipande cha vumbi tulichokitafuta makusudi karibu na magofu ya Kaole.

Gari lilionekana zima mpaka lilipopita matuta ya Msata, ambapo nyuma palianza kugonga. Jumatatu fundi aliliinua, akaingia chini na taa, akatuita mmoja mmoja tuone. Bushi za mikono ya nyuma zilikuwa zimepasuka, mpira umeachana na chuma kiasi cha kuingiza ncha ya bisibisi, na shokomzoba moja ilikuwa inalia mafuta. Aliifuta kwa kitambaa, akasubiri kidogo, mafuta yakajitokeza tena kwenye shina lake mbele ya macho yetu. Gari likiwa tupu kasoro hizo zisingesikika. Ni uzito wa watu watano uliozifichua. Shokomzoba zote mbili za nyuma zinabadilishwa pamoja na bushi, pedi za breki za mbele ni mpya, na feni belti iliyopo inabaki garini kama akiba baada ya kufungwa nyingine.

Upakiaji nao umebadilishwa. Jeki, spana ya magurudumu na kamba ya kuvutia vilikuwa chini ya mabegi yote, na kuvifikia kulitaka kushusha kila kitu kando ya barabara. Sasa vina kisanduku chao kando ya mlango wa nyuma, na kila mmoja wetu, pamoja na wasioendesha, amebadilisha tairi mara moja akiwa peke yake.

Katika safari hiyo tulijaribu pia kanuni ya kusimama. Mtu yeyote akisema "simama", dereva anatafuta mahali salama na kusimama, na hakuna anayeuliza sababu. Madereva hubadilishana kila baada ya saa mbili hata kama anayeendesha anasema bado ana nguvu. Naamini kanuni hii ya pili italinda urafiki kama ile ya kutotembea usiku itakavyolinda maisha.

18 Julai: Afya, na kukata vituo

Rafiki yetu muuguzi ameandaa kisanduku cha dawa na kutusomea kilichomo. Kuna vipimo vya haraka vya malaria, dawa mseto ambazo hazitatolewa bila kupima, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bandeji na mikasi. Vyandarua vitakuwa vyetu wenyewe. Kwa Katavi ametukataza nguo za buluu na nyeusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o, na tumelazimika kupekua upya mabegi kwa ajili hiyo.

Kigoma imetutaka uamuzi. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, haifikiki kwa gari; mtu huenda kwa boti kwenye Ziwa Tanganyika. Isitoshe, mtu mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia sokwe, kwa sababu maradhi yetu huwaambukiza na kuwaua. Tumeipa Gombe siku nzima, na tumekubaliana kwamba atakayekuwa na kikohozi atabaki Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, bila manung'uniko.

Ili siku hiyo ipatikane, kitu kingine kimebidi kitoke. Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu pale Rungwe tumeviacha, kwani vyote viwili vinahitaji kushuka kuelekea Tukuyu na kurudi. Kimondo cha Mbozi kimebaki, kwa kuwa kiko karibu na njia yetu kati ya Mbeya na Tunduma na kipande cha chuma cha takriban tani 16 kutoka angani hakistahili kupitwa. Maporomoko ya Kalambo, yenye zaidi ya mita 200, yamebaki pia, na yametuongezea usiku mmoja Sumbawanga.

Iringa sikubali iguswe. Asubuhi tutakwenda Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na mchana Kalenga, kwenye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi na Wajerumani. Fuvu lake lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudi kwa Wahehe hadi mwaka 1954. Mhadhiri wetu ni Mhehe kwa mama na hajawahi kufika Kalenga. Siku hiyo ni yake.

31 Julai: Hali ya mradi

Gari limetoka gereji na limetembea wiki nzima mjini bila mlio. Malazi ya Morogoro, Iringa, Mbeya, Sumbawanga na Kigoma yamethibitishwa, yote yakiwa na maegesho ndani ya uzio. Ramani zimepakuliwa katika simu tatu ili zitumike bila mtandao, na ramani ya karatasi iko kwenye mfuko wa mlango. Kwa kurudi tumeongeza usiku mmoja Morogoro, kwani kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na foleni ya kuanzia Kibaha ingetuingiza mjini usiku siku ya mwisho, wakati kila mtu ana hamu ya kufika kwake na hakuna anayetaka kusikia habari za kanuni.

Mambo matatu hayajakamilika. Nyumba ya wageni ya Mpanda inasubiri malipo ya awali, ambayo mhazini ameyazuia mpaka bei mpya za mafuta zitangazwe Jumatano ijayo. Dereva wa basi la Kigoma ambaye mzee wa Kimara ametuunganisha naye atapigiwa simu usiku huo huo kuhusu barabara ya Uvinza. Akisema inapitika kwa saa tano badala ya saba, tutatoka Mpanda baada ya kifungua kinywa badala ya mapambazuko. Na muuguzi bado anatafuta begi ambalo si la buluu.